Ghorofa ya Mjini na Shamba la Kigwa



Baada ya masoko ya tumbaku ya msimu uliopita, mume na mke wa mojawapo ya jumuiya zetu hapa Kigwa walifika mbele ya Tume wakiwa na karatasi kumi na moja zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kijana wao, anayefanya biashara Kariakoo, alikuwa amezipeleka nyumbani ili wazazi wamsaidie malipo ya kwanza ya fleti, ghorofa ya saba, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Baba alikwisha kupata mnunuzi wa shamba. Mama alikuwa hajaambiwa habari za mnunuzi huyo. Alidhani ameitwa kwa ajili ya ada ya shule.

Tulizisoma karatasi zile kwa muda wa siku mbili. Jengo lilikuwa bado halijajengwa. Bei ilitajwa kwa dola, jambo ambalo kanuni za Serikali za Machi 2025 zimelikataza katika mauzo ya humu nchini. Yule baba naye aliamini kwamba mwanawe ananunua kiwanja chenye nyumba.

Hatuandiki haya ili kuwakemea vijana wanaotamani kuishi mjini. Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo wakipita njia hii hii ya Kigwa, na aghalabu walisafiri kiangazi wakarudi kulima mvua zilipokaribia. Kwenda pwani si usaliti. Kijana anayelala mbali na kazi yake hutumia saa nyingi barabarani kila siku, na kukaa karibu na kazi ni haja halali kabisa. Swali letu ni lingine: anayenunua fleti ananunua kitu gani, na nani analipa gharama yake?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwahusu wengi. Sheria ya mwaka 1971 iliyataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa mijini, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Hivyo wakazi wengi wa maghorofa ya katikati ya Dar es Salaam walikuwa wapangaji. Ni sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo iliyoweka utaratibu wa mtu kupewa hati yake mwenyewe kwa fleti moja ndani ya jengo la wengi.

Hati hiyo ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni vyumba vyako. La pili ni fungu lako katika vitu vya wote: ardhi iliyo chini ya jengo, ngazi, paa, matangi ya maji, lifti, uwanja wa magari. Vitu hivyo hutunzwa na umoja wa wenye fleti, na kila mmoja hutoa mchango, awe anaitumia lifti au haitumii. Wa ghorofa ya chini hulipia paa, na wa juu hulipia bomba lililopasuka chini. Tena hati haidumu milele. Ardhi ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na fleti haiwezi kuishi kuliko hati ya ardhi iliyoibeba. Mnunuzi asiyeuliza imebaki miaka mingapi anaweza kuwarithisha watoto wake miaka michache sana.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Wanaokumbuka tembe wanajua. Anayetaka kuliona na aende Kwihara, jirani na Tabora mjini, kwenye tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Tembe ilikuwa na paa moja la udongo, ua mmoja katikati, na vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Paa likivuja kwa jirani, maji hayakuuliza mpaka wa chumba chako. Tofauti ni kwamba wa tembe walijuana tangu utoto, na wa ghorofani hukutanishwa na muuzaji.

Paa likianguka, basi ni msiba. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Kwa sababu hiyo hatuoni aibu kumshauri mnunuzi aulize ni mhandisi gani aliyesimamia ujenzi na kibali kiko wapi, hata akionekana mshamba.

Upo mfano wa kutia moyo. Pale Magomeni Kota, kaya 644 zilibomolewa nyumba zao za zamani zikangoja miaka mingi. Mwaka 2022 maghorofa mapya yaliyojengwa na Wakala wa Majengo yakazinduliwa kwa ajili yao. Ulikuwa mngojo mrefu mno, lakini maskini walirudishwa mahali pao karibu na mjini badala ya kusukumwa pembezoni. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya tatizo la makazi, nayo ilihesabu nyumba kuwa haki ya kila mtu na kila familia. Fleti inayonunuliwa ili ifungwe ikingoja bei ipande haimsitiri mtu yeyote.

Turudi Kigwa. Shamba lililo chini ya haki miliki ya kimila haliuzwi kwa mapatano ya wanaume wawili chini ya mwembe. Halmashauri ya Kijiji sharti ipate habari na kuridhia. Na nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Tunasikitika kusema kwamba baadhi ya viongozi wetu wa walei wametia sahihi kama mashahidi wa mauziano ambayo mke aliyasikia kisimani.

Mama yule, tulipomaliza kumweleza maana ya fleti, aliuliza jambo moja tu: siku ya msiba waombolezaji watakaa wapi? Hatukuwa na jibu. Katika majengo mengine turubai hufungwa kwenye uwanja wa magari, umoja wa wenye fleti ukikubali. Katika mengine msiba huhamishiwa kwa ndugu mwenye ua.

Shamba lao halijauzwa. Kijana bado amepanga chumba Kariakoo, na wazazi wamemtumia sehemu ya fedha za tumbaku kama akiba. Karatasi tumezirudisha kwa muuzaji pamoja na maswali matano: hati ya ardhi ni ya nani, imebaki miaka mingapi, kibali cha ujenzi kiko wapi, mchango wa mwezi ni shilingi ngapi, na fedha zitarudishwaje jengo lisipokamilika. Hadi tunachapa kijarida hiki, hajajibu.