Taarifa za Mchezo ni Taarifa za Afya

Mgonjwa anayetibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga, ana haki isiyobishaniwa: anayomweleza daktari hayatoki nje bila ridhaa yake. Katika kata ya Chumbageni, isiyo mbali na hapo, mtoto anayecheza gemu kwenye simu ya mzazi wake hana kinga ya namna hiyo, ilhali yanayokusanywa kumhusu yanaweza kueleza mengi juu ya mwili na akili yake. Kasoro hiyo haifai kuachiwa wanasheria na mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la afya.

Mchezo wa simu au wa kompyuta hauishii kwenye picha na sauti. Programu yake inaweza kurekodi saa ambayo mchezaji ameanza na aliyoacha, wepesi wa vidole vyake, makosa anayoyarudia, hatua anayokatia tamaa na fedha anazolipa ili aendelee. Michezo mingi huchukua pia namba ya utambulisho wa simu inayotumiwa na watangazaji. Mingine huomba kujua mahali simu ilipo au kufunguliwa kinasa sauti. Katika nyumba yenye simu moja, nyendo za mtoto na za mzazi huchanganyika, kwa kuwa simu hiyohiyo ndiyo inayopokea fedha na ujumbe wa kliniki.

Thamani ya kitabibu ya taarifa hizo imekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2016 ulizinduliwa mchezo uitwao Sea Hero Quest, ulioandaliwa na Deutsche Telekom, shirika la Alzheimer's Research UK na watafiti, wakiwemo wa University College London. Mchezaji huongoza chombo baharini akitafuta njia, kazi ambayo mvuvi wa Tanga angeielewa mara moja. Zaidi ya watu milioni 4 waliucheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kwamba watu wa miaka 50 hadi 75 wenye APOE4, aina ya jeni inayoongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, walifuata njia za mzunguko zaidi kuliko wenzao, ingawa kipimo cha kawaida cha kumbukumbu hakikuwatofautisha. Utafiti huo ulifanywa waziwazi kwa manufaa ya sayansi. Hata hivyo, unaonesha kwamba namna mtu anavyocheza inaweza kufichua jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na hapa kata imo mikononi mwa kampuni.

Vivyo hivyo kuhusu uraibu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uraibu wa michezo hiyo katika ICD-11, orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Daktari huutambua kwa kuuliza iwapo mchezaji ameshindwa kujizuia na kama anaendelea licha ya madhara. Kampuni haina haja ya kuuliza, maana saa zote za mchezaji imezihesabu. Yenye nia njema ingemtahadharisha. Yenye tamaa ingemtumia ofa usiku wa manane.

Hofu hii ina ushahidi. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani, zikiwemo milioni 275 kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi. Karibu zaidi, mwaka 2023 mamlaka ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za nchi hiyo kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Tume ya kuisimamia ipo.

Wako wanaosema kwamba mtoto hana siri ya kuficha. Lakini mtoto hukua, akatafuta kazi, bima na mchumba, na kumbukumbu haizeeki pamoja naye. Wengine husema mzazi alikwisha kubali. Kitabibu, ridhaa ni ya mtu aliyeelezwa jambo akalielewa. Kubonyeza kitufe chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria hakufikii kiwango hicho.

Tiba si kuwanyang'anya watoto michezo, kwa maana ina faida zake. Tume iyatake makampuni yaweke muhtasari wa Kiswahili unaosema kinachokusanywa, kwa nini, na anayepewa. Wauguzi wa kliniki za watoto na walimu wa afya shuleni wawafundishe wazazi kukataa ruhusa ya mahali na ya kinasa sauti, na kutoandika jina halisi la mtoto. Vyuo vya tiba navyo vifundishe kwamba faragha ya mgonjwa huanza kabla hajafika hospitali. Faili la Bombo hufungwa kabatini. La mchezo wa Chumbageni nalo linastahili ufunguo.