Taya la mtoto likivimba, si jino tu: Malaria inavyoichosha kinga ya mwili

Katika vijiji vya karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, kuanzia Kilambo na Mahurunga hadi Msimbati, mtoto akipata homa mzazi hafikirii mara mbili. Ni malaria. Atampeleka zahanati, mtoto atatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka, atapewa dawa ya mseto, na baada ya siku tatu atakuwa anakimbizana na wenzake. Mvua zikikolea, homa inarudi, na safari ya zahanati inarudi pia.

Wazazi wengi wanaijua malaria kwa hatari zake za siku hiyo hiyo: degedege, upungufu wa damu, kifo. Hatari moja haizungumzwi sana. Malaria inayomrudia mtoto mwaka hadi mwaka inaweza kuichosha kinga yake kiasi cha kuifungulia njia saratani inayoitwa limfoma ya Burkitt.

Saratani hii ni adimu. Hata penye malaria nyingi huwapata watoto wachache katika kila 100,000 kwa mwaka. Hata hivyo ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa watoto wa Afrika Mashariki, inakua haraka kuliko karibu saratani zote, na inatibika ikiwahiwa. Ndiyo maana inafaa mzazi aijue.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haikuwa jipu wala jino. Baada ya kuona watoto wengine wa namna hiyo, aliandika taarifa yake ya kwanza mwaka 1958.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda gari na kusafiri kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika. Kila hospitali waliuliza swali moja: mnawaona watoto wenye uvimbe huu? Ramani iliyopatikana iliwashangaza. Uvimbe ulikuwa katika nchi za joto, mvua na mabonde, na ulikosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Baadaye ilionekana wazi kwamba ramani hiyo inafanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, watafiti wa London waliochunguza vipande vya uvimbe kutoka Uganda wakaona ndani yake kirusi kipya. Kilipewa majina ya wawili kati yao: Epstein-Barr.

Kinga inavyozidiwa

Kirusi hiki hakimchagui mtu. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Huenezwa kwa mate, na watoto wengi wa Afrika Mashariki hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila mzazi kuona dalili yoyote. Kwa hiyo hakuna mama wa kulaumiwa kwa kumbusu mwanawe au kula naye sahani moja.

Kirusi kikiingia hujificha ndani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Kinabaki humo maisha yote. Kinachokizuia kisilete madhara ni chembe nyingine, seli T, ambazo ni kama walinzi wa doria. Seli B yenye kirusi ikianza kuzaliana ovyo, mlinzi huitambua na kuiua. Kwa watu wengi doria hiyo inatosha hadi uzeeni.

Malaria inaivuruga doria kwa njia mbili. Kwanza, kila shambulio la malaria huzilazimisha seli B kuzaliana kwa kasi ili zitengeneze silaha. Wakati huo seli hukata na kuunga vinasaba vyake zenyewe, maana ndivyo silaha mpya zinavyopatikana. Mara chache kiungo hukosewa: kipande cha kromosomu ya 8 hubandikwa kwenye kromosomu ya 14. Kosa hilo huwasha kinasaba kinachoiamuru seli igawanyike bila kusimama.

Pili, malaria inayorudi mara kwa mara huwachosha walinzi wenyewe. Seli T zinazokifahamu kirusi cha Epstein-Barr hupungukiwa nguvu. Tena seli ya saratani ni janja: huzima karibu protini zote za kirusi zinazoweza kuitambulisha, ikabakiza moja ambayo walinzi huiona kwa shida. Adui amezaliwa, amejificha, na mlinzi amechoka.

Tanzania ilichangia kulichunguza jambo hili. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa Mara ya Kaskazini walipewa klorokwini ya kuzuia malaria ili ionekane kama saratani hii ingepungua. Ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo jaribio hilo halikumaliza ubishi. Ushahidi uliokusanywa tangu hapo umezidi kuliweka jukumu hilo kwenye malaria na kirusi kwa pamoja.

Kwa nini Mtwara

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea vya malaria Tanzania Bara walikuwa 8 hivi kati ya 100. Mtwara walikuwa takribani 20 kati ya 100, na kuufanya mkoa huo kuwa miongoni mwa inayoongoza.

Mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia Mtwara, Lindi na Ruvuma mwaka 2013. Lakini chandarua hakina faida kikibaki nyumbani. Familia inapohamia bondeni kulinda mpunga, au baba anapokwenda na watoto dago la wavuvi, chandarua kinapaswa kuwa cha kwanza kufungwa kwenye mzigo. Kinachomlinda mtoto na homa ya leo ndicho kinachoilinda kinga yake ya kesho.

Dalili za kuangalia

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, na wavulana kuliko wasichana. Mzazi aangalie haya:

- Taya au shavu kuvimba, hata kama mtoto halalamiki maumivu.
- Meno kulegea kabla ya wakati wa kung'oka.
- Jicho moja kutokeza nje.
- Tumbo kujaa na kuwa gumu. Mara nyingi hudhaniwa ni bandama la malaria.
- Miguu kuishiwa nguvu ghafla.

Nyumbani mara nyingi bibi atasema, "Hilo jino tu, mjukuu wangu, litatoka." Mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mzazi anayesubiri korosho ziuzwe ndipo apate nauli, au anayeng'oa jino moja baada ya jingine, anaweza kukuta wiki tatu zimepita na ugonjwa umefika kwenye ubongo. Kupaka utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua wenye maziwa meupe, nako ni hatari: maabara imeonyesha kuwa utomvu huo unaweza kukiamsha kirusi cha Epstein-Barr.

Zahanati ikiwa na shaka itampa mtoto rufaa. Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote za Mtwara Mikindani, ziko karibu kuliko Dar es Salaam. Daktari hukata kinyama kidogo cha uvimbe kikapimwe. Matibabu yenyewe ni dawa za kupitia mshipa, wala si kisu. Muhimbili, matibabu ya saratani ya watoto hutolewa bila malipo. Nauli na chakula cha mlezi ni mzigo mwingine, kwa hiyo familia iulizie ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini tangu siku ya kwanza.

Uvimbe ukiyeyuka, dawa haijaisha

Kuna hatari moja ambayo huja wakati wa furaha. Saratani hii huitikia dawa haraka mno. Uvimbe uliojaa shavu zima unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache, mtoto akaanza kula na kucheka. Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wachache waliopona kabisa kwa dawa kidogo tu, jambo lililomfanya aamini kwamba kinga ya mwili nayo ilishiriki kuumaliza ugonjwa.

Lakini hao walikuwa wachache. Kwa wengi, seli zilizobaki bila kuonekana hurudi zikiwa sugu zaidi. Katika nchi zinazowahi na kumaliza matibabu, watoto 90 hivi kati ya 100 hupona. Sehemu kubwa ya pengo lililopo Afrika hutokana na kuchelewa kufika na kuondoka mapema. Mzazi anayeona shavu la mwanawe limerudi kama zamani asifungashe virago. Amuulize daktari swali moja: imebaki mizunguko mingapi? Kisha ahesabu naye hadi wa mwisho.