Akaunti ni Yako, na Kadi Ikae Kwako

Hapa Chanji, Sumbawanga, mahindi yameanza kuchipua na mifuko ya nyumbani imeanza kukauka. Mwezi huu tuzungumze juu ya akaunti ya benki, ile inayopokea mshahara au fedha za mazao. Wengi wetu tunayo, ila tunaikumbuka siku moja tu kwa mwezi.

Enzi za mama zetu, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa bado haijagawanywa. NMB ilizaliwa mwaka 1997. Mwenye akiba alipewa kitabu, na kila alipotoa fedha karani aliandika kiasi kilichobaki. Foleni ilichosha, lakini mama alirudi nyumbani na hesabu yake mkononi. Siku hizi tuna kadi, simu na wakala wa dukani. Kutoa fedha kumekuwa rahisi, ila hakuna wa kutuandikia kitabuni. Hatuna budi kujiandikia wenyewe.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba dawa ikishatolewa iandikwe kwenye chati papo hapo, la sivyo zamu inayofuata itampa mgonjwa mara ya pili. Hata hivyo nyumbani tulifanya kosa hilo hilo. Desemba moja tulitoa kwa kadi fedha ya mbolea ya kupandia, na baba watoto naye, akiwa safarini, akatoa kwa simu fedha hiyo hiyo. (Alisema mashine imekosea. Mashine haikukosea.) Tangu hapo kuna daftari la shule juu ya kabati: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, makato ya benki, kilichobaki.

Makato nayo msiyadharau. Anayetoa elfu kumi kumi mara tano kwa juma hukatwa kila mara anapotoa. Ulizeni viwango vya benki yenu kabla ya kuzoea wakala wa karibu.

Tena, salio linaloonekana kwenye simu si lote la kutumia. Likisoma 240,000, na humo kuna 60,000 za kikoba, 50,000 za nauli ya mtoto wa bweni na 20,000 za sadaka tuliyoahidi, basi tunazo 110,000. Ada za shule za serikali ziliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari na nauli bado vinasubiri Januari.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Mwenzetu mmoja wa jumuiya, mwajiriwa kama sisi, alikopa 300,000 kwa mtu wa mtaani. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji alitangulia kwenye mashine, akachukua chake, kisha akamkabidhi kilichobaki. Usiku mmoja mtoto wake alipandwa na homa kali, akaja kutugongea kuomba 10,000, na mshahara ulikuwa umeingia siku mbili kabla. Aliomba akiangalia chini.

Mtumishi wa umma analindwa na utaratibu kwamba baada ya makato yote abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Lakini anayeshika kadi yako makato yake hayaonekani kwenye hati ya mshahara, kwa hiyo theluthi hiyo haimhusu. Anaweza kuichukua yote. Ndiyo maana wanaitaka kadi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwombeni awaonyeshe leseni hiyo na mkataba wa maandishi kabla ya kupokea hata shilingi, na namba ya siri msimpe mtu, hata akiwa mwumini mwenzenu.

Tulimsindikiza dada yetu benki. Kadi ya zamani ilifungwa, akapewa mpya na namba mpya, akaomba na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Hatukumshauri akimbie deni, maana alikopa na lazima alipe. Tulimshauri alipe kwa mkono wake, mbele ya shahidi, na kila malipo yaandikwe. Jioni hiyo tulikaa jikoni kwetu na kalamu, tukaipitia taarifa mstari kwa mstari. Miezi miwili kati ya ile sita mkopeshaji alitoa zaidi ya walivyokubaliana. Shauri hilo sasa liko kwa mwenyekiti wa mtaa, na taarifa ile ya benki ndiyo ushahidi pekee alio nao.