Gari Kuukuu Kisiwani: Tulifunike au Tuliendeshe?

Aghalabu wanaoandika katika jarida letu hujadili ushairi, istilahi na sera ya lugha. Mimi leo naomba radhi nizungumzie gari, nikiamini kwamba msomaji atakayenivumilia ataona sijaenda mbali na mambo yetu.

Gari lenyewe ni Pijo 504 aliloniachia marehemu baba, na makazi yake ni uani kwetu Mwembe Tayari, si mbali na zile sanamu za askari zilizosimamishwa mwaka 1927. Magari ya aina hii yalianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, yakashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi yaliunganishwa papa hapa Mombasa. Kwa hiyo, Pijo letu si mgeni kisiwani.

Baba alipofariki nilikuwa naelekea Nairobi masomoni. Huko nilikutana na wapenzi wa magari ya kale, wale wasiokosa maonyesho ya Concours d'Elegance ambayo yamekuwapo tangu mwaka 1970. Ushauri wao ulikuwa mmoja: lifunike. Nikanunua turubai zito, nikalifunika na kulifunga kamba kama mzigo wa kusafirishwa, nikaenda zangu. Miaka miwili baadaye nilipolifunua, rangi ilikuwa ikimeremeta. Nikafungua mlango, nikaingia, nikakanyaga mkeka wa dereva. Mguu ukatua ardhini.

"Mwanangu, maiti haiwekwi nyumbani," akasema ami. "Liuze chuma chakavu, mgawane na mamako."

Fundi wa bodi niliyemwita hakunipa pole. Alikwangua kutu kwa bisibisi, akatikisa kichwa, akaniambia nilikuwa nimeifungia chumvi ndani pamoja na gari. Maelezo yake yanaafikiana na sayansi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, hivyo bati lenye vumbi la chumvi hubaki bichi hata mvua isiponyesha, na bati bichi lenye chumvi huliwa upesi. Turubai langu lilizuia upepo ambao ungelikausha. Ushauri wa Nairobi ni mwema kwa Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na mamia ya kilomita kutoka pwani.

Hata huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, mwenye gari la kale ana pa kukimbilia. Hulificha theluji inapoanza, akalitoa mvua za machipuko zikishaosha njia. Adui wake ana msimu, naye hupandia chini, magurudumuni. Wetu huja na upepo, kusi na kaskazi, na humkuta hata aliyejifungia chumbani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuficha gari huku kwetu ni kulizika taratibu. Liendeshwe, lioshwe, likauke.

Wazee wetu wa vyombo walilijua hili kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari wa chuma, na ulihitaji kushonwa upya mara kwa mara. Jahazi lilipandishwa ufukweni, likakwanguliwa, likatiwa kalafati, mbao zikapakwa sifa na tumbo likapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Hakuna nahodha aliyedhani kazi hiyo ikifanywa mara moja imekwisha. Lakini sisi wanafunzi wa fasihi tunayakariri maneno haya kama msamiati wa watu waliokwisha kufa, tukayatolea maana katika tanbihi na kusonga mbele. Nilipomwona fundi amelala chini ya Pijo akilipaka tumbo kwa brashi, nilimuuliza kazi hiyo anaiitaje. "Napaka grisi tu," akajibu. Deheni ilikuwa mbele ya macho yangu, nayo haikuwa na jina! (Kuna mafundi wanaopaka oili chafu. Siungi mkono desturi hiyo, maana hudondoka ardhini, na visima vyetu viko humo humo.)

Mwenzangu mmoja darasani ameniambia kwamba haya ni mapenzi ya kizamani, na kwamba fedha ninazotia katika bati zingenunua vitabu. Kuhusu fedha sina la kumjibu, kwani hesabu ni yake. Lakini tasnifu yangu ni ya tenzi, na sijawahi kuelewa uangalizi wa chombo katika tenzi hizo kama nilivyouelewa nikiwa nimeshika msasa.

Sakafu imekatwa, bati jipya limechomelewa, na matundu ya kutolea maji yamezibuliwa. Niwapo likizoni, kila Jumapili huliendesha hadi Nyali na kurudi, kisha hulilaza ubavuni mwa ukuta na kuliosha chini. Hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Hunibidi kununua maji matamu kwa muuzaji wa mkokoteni, madumu manne ya lita 20. Mawili ni ya gari na mawili ni ya jikoni, ndivyo tulivyoafikiana na mamangu, naye husimama mlangoni akiyahesabu.