Mfumo mpya, sura ya zamani

Mvua za Novemba zinapokaribia, duka la pembejeo mjini Songea halina nafasi ya karani anayetafuta menyu huku wakulima wakisubiri mbolea na risiti. Hasara hiyo haiandikwi kwenye ankara ya fundi anayebadilisha mfumo wa kompyuta.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mfumo usiopata marekebisho ya usalama huhatarisha daftari la mauzo na madeni, hivyo kuhama hakuepukiki. Hata hivyo, kubadili mfumo si lazima kuwe kubadili sura ya skrini.

Microsoft yenyewe iliondoa menyu ya Start katika Windows 8 mwaka 2012. Wateja walilalamika, ikarudishwa katika Windows 10 mwaka 2015. Upande wa Linux, GNOME ilipobadili sura mwaka 2011, waliozoea ya zamani waliiendeleza kwa jina la MATE. Kwenye Debian sura zote mbili huwekwa pamoja bila kununua leseni, na karani huchagua moja anapoingia.

Mwenye duka amwagize fundi mambo mawili: sura ya zamani ibaki kando ya mpya, na programu ya hesabu ijaribiwe kabla ya kumbukumbu kuhamishwa, kwani iliyotengenezwa kwa Windows huenda isifanye kazi kwenye Linux. Kazi yote isubiri msimu upoe. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.