Usalama Hauko Kwenye Chupa

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Tuliomboleza, kisha tukarudi kupanga foleni kama zile zile. Ndugu wapendwa, kosa hili ni letu, si la wahubiri peke yao. Sisi ndio tunaotaka ulinzi wa haraka, usiotudai utii.

Sulemani alipoambiwa kule Gibeoni aombe atakalo, hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba moyo wa kupambanua mema na mabaya. Sisi tungeomba nini?

Wapo watakaosema hekima haiponyi wala hailipi ada. Ni kweli, haituondolei bonde. Hutuonyesha pa kukanyaga. Ndiyo inayomwambia mgonjwa asiache dawa, mwenye deni asikope ili anunue chupa ya mafuta, ndugu waliogombana wapatane kabla jua halijachwa. Nayo Mungu huitoa bure kwa kila aombaye, kama Yakobo alivyofundisha.

Basi tuache kukimbilia mafuta. Tupige magoti, tulifungue Neno, tutii.