Mtendwa Aliyesahauliwa katika Ushuhuda

Wako wasemao kuwa kuokoka ni siri ya moyo na Muumba wake, na kwamba mtu wa tatu hana ruhusa ya kutia neno. Kauli hiyo ina sura ya unyenyekevu. Walakini katika Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, imekuwa kichaka cha kujifichia wenye deni.

Uamsho uliovuka mipaka na kuingia nchi hizi haukufundisha hivyo. Ulianza Gahini, mashariki ya Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Bukoba, na wafuasi wake wakaitwa kwa neno la Kiganda, Balokole, yaani waliookoka. Desturi yao iliyowaudhi wengi, wakiwamo baadhi ya viongozi wa kanisa, ilikuwa kuungama dhambi mbele za watu na kurudisha kilichoibwa kwa mwenyewe. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba tangu mwaka 1964, na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Kitabu chake cha kitaalamu, kilichotoka mwaka 1974, hakikuhusu nafsi iliyo peke yake. Kilihusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Hakuwa mtu wa kudhani kwamba mtu akiisha kubatizwa hukoma kuwa ndugu wa watu.

Asikilizaye ushuhuda wa siku hizi husikia maneno ya namna hii: nilikuwa mlevi, nilipotea, niliteseka, nikaokoka. Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba kila kitenzi kina mtenda, wala hakuna hata kimoja chenye mtendwa. Tena niliteseka humgeuza mkosaji kuwa mkoswaji. Rubisi hutajwa kwa mapana, karibu kwa utamu, bali mke aliyepigwa kwa ajili ya rubisi hiyo hana hata silabi moja. Herufi moja ingetosha kumwingiza: nilimpiga, nilimnyima, nilimpunja. Ulimi uliofunguliwa kwa mengine yote hufungwa mbele ya herufi hiyo.

Mathalani yupo mtu wa butura. Kila mkulima wa kahawa wa huko amjua. Ada ya shule inadaiwa, au maiti ipo ndani, na mibuni ndiyo kwanza imechanua. Basi mwenye fedha hununua matunda yakali mtini kwa bei ya shida, na msimu ufikapo huchuma jasho la mwenzake. Serikali imekataza biashara hiyo, nayo yaendelea gizani. Mtu huyo aweza kuacha pombe, akaacha uzinzi, akaimba mpaka sauti ikakauka, na shamba la jirani likabaki mkononi mwake. Atahesabiwa kuwa amegeuka. Zakayo wa Injili ya Luka, aliyekuwa mtoza ushuru, hakusimulia usingizi wake mbaya. Alitaja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa.

Wapo watakaojibu, hasa katika nchi yenye Walutheri wengi, kwamba neema hainunuliwi kwa matendo. Ni kweli, na jibu hilo ni zito. Lakini hapana aliyedai kuwa kurudisha ni bei ya wokovu. Deni hulipwa kwa sababu ni deni. Aliyesamehewa bure hakupewa kwa msamaha huo hati ya kumiliki mibuni ya watu.

Wasomi wacheka-dini nao wasifurahi upesi. Wao huuita wokovu homa ya kupita, ilhali wapo walioacha kupiga na kuiba, na nyumba zao zikapata usingizi. Ajabu hiyo haielezwi kwa dhihaka. Ubishi huu hauhusu kama watu hubadilika. Wauliza ni nani astahiliye kutoa habari hiyo.

Basi msemaji afikapo katikati ya ushuhuda, na aulizwe: ulimpunja nani? Huenda mwenye jina ameketi benchi la nyuma, na madebe yake ya kahawa ayajua kwa idadi.